Maji ya Mirihi Yakimwagika

Safari hii nawaletea riwaya tatu za Mmarekani Kim Stanley Robinson: Red Mars (1992), Green Mars (1993) na Blue Mars (1996). Zinasimulia walowezi mia wa mwanzo na jinsi sayari kame ya Mirihi inavyogeuzwa pahala pa kuishi. Mashimo marefu yanachimbwa ili joto la chini lipande, barafu inaletwa kutoka angani, na mwishowe bahari inatanda kaskazini.

Wengi huzisifu kwa sayansi yake. Mimi naona uzito wake uko katika ugomvi wa watu wawili. Sax Russell, mwanafizikia, anaamini sayari haina uzuri mpaka apatikane wa kuitazama. Ann Clayborne, mwanajiolojia, anajibu kwamba mawe yale yana historia ya mabilioni ya miaka, na maji yakipita, historia hiyo inafutika. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sehemu bora kabisa ni ile ya uasi wa mwaka 2061. Hazina za maji zilizo chini ya ardhi zinapasuliwa vitani, na gharika inashuka katika mabonde ya Marineris. Maji yaliyongojwa kama neema yanafika kama silaha. Sisi tunaoishi Omani tunaujua mfereji wa falaji: maji hugawiwa kwa zamu, na kila mwenye haki anaijua saa yake. Walowezi wa Robinson wanafungua maji kabla hawajakubaliana yatakuwa ya nani.

Kasoro zipo. Kurasa nyingi zinasomeka kama mhadhara. Tena mwandishi anawapa wahusika wake dawa ya kurefusha umri, hata wale wale walioanza ugomvi wanaishi kuiona bahari na kupatana. Hapo amejirahisishia kazi. Katika maisha yetu, anayefungua maji hufa, na wajukuu ndio hubaki na mafuriko au kiu.

Mwaka 2018 wataalamu Jakosky na Edwards walionyesha kuwa kabonidayoksaidi inayoweza kupatikana Mirihi haitoshi kuipa sayari hiyo hewa nzito na joto linalohitajika. Kwa hiyo bahari ile itabaki kitabuni. Lakini swali la Ann ni la hapa hapa Duniani: nani aliulizwa kabla bomba halijafunguliwa? Kwa ajili ya swali hilo, anzeni na Red Mars, na msiichoke mapema.