Bogenvilia na Maji ya Dagaa

Katika mtaa mmoja wa Ujiji, Kigoma, upande unaoteremka kuelekea ziwani, nyumba moja ina bogenvilia mbili zilizotokana na vipandikizi vya mti mmoja. Moja ilichomekwa nje ya ukuta, kando ya njia. Hakuna anayeimwagilia, mbuzi wameitafuna upande mmoja, na udongo wake ni mchanga mtupu. Kila ikifika Julai hufunikwa na zambarau mpaka majani hayaonekani. Ya pili iko uani na inatunzwa vizuri. Mama mwenye nyumba anauza dagaa na migebuka, na maji ya kuoshea samaki, yenye damu na magamba, yalikuwa yakimwagwa shinani pake karibu kila asubuhi. Ilinenepa ikapita bati, majani yake ya kijani kibichi yenye afya, lakini kwa miaka hapakuwa na ua hata moja. Mwenyewe alishakata shauri kwamba hiyo ni dume.

Kisha ukaja mwaka 2024. Serikali ilifunga shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate nafasi ya kuzaliana. Biashara ya mama ikasimama, na maji ya dagaa yakakatika. Mei hiyohiyo mpwa wake alichukua panga akaishusha ile ya uani hadi usawa wa kiuno, kwa sababu miiba ilikuwa ikichana nguo zilizoanikwa kambani. Mwishoni mwa Julai ikachanua.

Mtaani ilisemekana kwamba mti ulitishwa na panga. Maelezo hayo yana chembe ya ukweli, ila hayatoshi. Mambo matatu yalibadilika kwa mpigo: mbolea ilikoma, maji yalipungua, na matawi ya zamani yaliondolewa. Anayetaka kurudia matokeo hayo kwake lazima ajue kila moja lilifanya kazi gani.

Suala la dume na jike tulimalize kwanza. Mpapai una dume, bogenvilia haina. Kila ua lake lina sehemu za kiume na za kike pamoja. Zaidi ya hapo, miti hii miwili ilikatwa kwenye mama mmoja, kwa hiyo kwa asili ni mti uleule. Tofauti yao haiko ndani ya mbegu wala damu, iko kwenye mahali na matunzo.

Chuma kishada kimoja ukitazame kwa karibu. Zile karatasi tatu za zambarau si maua, ni majani yaliyobadili rangi. Ua lenyewe ni kijibomba chembamba cha rangi ya maziwa, kimoja katika kila jani la rangi, kimeshikamana na mshipa wa kati. Ndiyo maana rangi ya bogenvilia hudumu kwa wiki kadhaa, wakati ua la waridi halimalizi hata moja: jani ni gumu kuliko petali, na hubaki mtini hata baada ya ua lenyewe kunyauka.

Sasa angalia kikonyo kilichobeba kishada hicho kilipoanzia. Kimetoka kwenye kwapa la jani, palepale ambapo katika tawi jingine ungekuta mwiba. Hili ndilo jambo ambalo wapandaji wengi hawalitazami. Mwiba wa bogenvilia na kikonyo cha ua vinatoka kwenye chipukizi la aina moja. Tawi likikua kwa kasi, likiwa na maji na chakula tele au likikosa mwanga, machipukizi hayo huishia kuwa miiba. Kasi ikipungua na jua likiwa kali, yanakuwa vikonyo vya maua. Yale machipukizi manene kama kidole gumba, marefu kuliko mtu, ya mti wa uani, yalikuwa na mwiba katika kila kwapa. Mti haukushindwa kutoa maua. Ulikuwa unayatoa kila siku kwa umbo la miiba, na mpwa alikuwa akiyahesabu kwenye mashati yake.

Mbolea ndiyo ilikuwa ikisukuma kasi hiyo. Maji ya samaki yana naitrojeni nyingi iliyo tayari kutumika, na naitrojeni huamrisha majani. Kwa mchicha, matembele au mgomba hiyo ni neema. Kwa bogenvilia inayotakiwa kuchanua ni kikwazo, hasa ikiambatana na maji ya kila siku. Wauza miche wengi hapa nchini bado wanamshauri mteja aweke samadi na kumwagilia asubuhi na jioni, ushauri unaofaa mboga, si mmea huu. Mche mdogo unahitaji samadi kiasi shimoni siku ya kupandwa, na maji ya mara kwa mara katika miezi yake ya mwanzo. Ukishashika, uachiwe.

Maji ni hadithi ndefu kidogo. Bogenvilia ni mmea wa Amerika Kusini. Mwanasayansi Mfaransa Philibert Commerçon aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767, katika safari ya meli za Louis-Antoine de Bougainville, akiwa na msaidizi wake Jeanne Baret, mwanamke aliyejificha katika mavazi ya kiume. Mmea huu umezoea majira: mvua ya kukua, kisha kiangazi cha kuchanua. Kigoma inao mpangilio huohuo. Mvua huanza mwishoni mwa Oktoba au Novemba, hukoma mwanzoni mwa Mei, na kuanzia Juni hadi Septemba anga ni kavu. Baridi ya kutia hofu haipo, maana ziwa liko mita kama 770 tu juu ya usawa wa bahari na maji yake hulainisha usiku. Katika nchi za mbali na ikweta bogenvilia husubiri usiku urefuke ndipo ichanue. Kwa Ujiji, iliyo karibu nyuzi 5 kusini mwa ikweta, tofauti kati ya siku ndefu na siku fupi ya mwaka ni kama nusu saa tu. Kinachoongoza hapa zaidi ni ukavu.

Kwa hiyo mti wa nje, ulioonekana umetupwa, ulikuwa unapata ratiba kamili bila mtu kujua. Na udongo ulikuwa upande wake. Edward Coode Hore, mmisionari baharia wa London Missionary Society aliyefika Ujiji mwaka 1878, alikuta ziwa liko juu sana na akarekodi lilivyoanza kushuka baada ya maji kufungua njia ya mto Lukuga upande wa Kongo. Kufikia miaka ya 1890 lilikuwa limeshuka karibu mita 10. Sehemu za chini za Ujiji zilizoachwa na maji zina mchanga mwingi, na mchanga haukai na maji. Mizizi ya bogenvilia ni myembamba, huoza upesi ikituama majini. Ziwa linapopanda tena, kama lilivyofanya katika miaka ya karibuni, na kuingia kwenye makazi ya pwani, mimea ya namna hii iliyo chini kabisa ndiyo ya kwanza kuteseka, nayo hutangulia kuwa ya njano kabla ya kufa.

Unjano una sababu nyingine, na hapa Tanganyika ina tabia yake. Maji ya ziwa hili yana alkali: pH yake hucheza kati ya 8.6 na 9. Bogenvilia hupenda udongo wenye asidi kidogo. Ukiimwagilia maji ya ziwa kiangazi chote, alkali inajikusanya, mizizi inashindwa kuchukua chuma, na majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa ikibaki kijani. Mtu akiona hivyo hukimbilia jivu, kwa sababu amesikia jivu lina potasiamu na potasiamu huleta maua. Ni kweli linayo, lakini jivu nalo ni alkali, na mti unazidi kuharibika. Kwa anayetumia maji ya ziwani nasema wazi: jivu liachwe. Mboji iliyooza vizuri, koleo moja au mawili mvua zinapoanza, inatosha mwaka mzima.

Tukija kwenye panga, hapa mpwa alibahatisha vizuri kuliko alivyojua. Bogenvilia hutoa maua kwenye matawi mapya, hasa kuelekea nchani. Tawi la zamani lisilokatwa linazidi kurefuka, na maua, kama yapo, yanakaa juu ya bati ambako wanayafaidi kunguru. Ukikata mwanzoni mwa Mei, ardhi bado ina unyevu wa masika. Mti unatumia unyevu huo kutoa machipukizi mengi mafupi. Juni udongo unakauka wakati machipukizi hayo yamekomaa kiasi, kasi inakatika, na kwapa zinageuka vikonyo. Ni wiki 6 hadi 10 kutoka mkato hadi rangi. Angekata Agosti, machipukizi yangekutana na mvua za Novemba yakiwa bado laini, na mti ungerudi kwenye miiba. Angekata bila kusimamisha maji ya dagaa, angepata kichaka kipya chenye nguvu kuliko cha kwanza. Panga peke yake lisingefanya kitu.

Nairobi inaonyesha jambo hilohilo kwa kalenda nyingine. Peter Greensmith, aliyesimamia bustani za jiji hilo kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940, ndiye anayetajwa sana kwa bogenvilia zilizopamba barabara kuu, ile inayoitwa leo Uhuru Highway ikiwemo. Huko mvua ni za misimu miwili, hivyo mti una nafasi mbili za kukua na mbili za kukaukiwa. Ukataji wa Nairobi hauwezi kuigwa Kigoma kwa tarehe. Kinachoigwa ni mpangilio wake, yaani kukata mwishoni mwa mvua.

Namna ya kumwagilia kiangazi ni rahisi. Ngoja majani yalegee kidogo mchana, kisha mwaga ndoo mbili zishuke chini kabisa, halafu usirudi mpaka yalegee tena. Mti uliokomaa kwenye ardhi huenda usihitaji hata hizo. Ulio kwenye dumu la mawese lililokatwa utahitaji, na dumu litobolewe matundu ya kutosha chini. Usiharakishe kuuhamishia kwenye chombo kikubwa, kwa maana mizizi iliyobanana husaidia maua. Viwavi wanaotafuna kingo za majani usiku wapo, hawaui.

Matawi aliyoyakata mpwa yalichomwa moto, hasara ambayo ingeepukika. Pingili ngumu kiasi, unene wa penseli, urefu wa sentimita 15 hadi 20, zikatwe mshazari upande wa chini, majani yaondolewe, zichomekwe kwenye viriba vyenye mchanga uliochanganywa na udongo kidogo, kivulini. Mizizi hutokea baada ya wiki 6 hadi 12. Siku ya kupanda, kiriba kichanwe kwa wembe pande mbili na mche ushuke na udongo wake wote. Miche mingi ya bogenvilia hufa siku hiyo, kwa kung'utwa mizizi.

Uvuvi ulipofunguliwa, mama alirudi sokoni na maji ya dagaa yakarudi uani, safari hii yakielekezwa kwenye migomba nyuma ya jiko. Bogenvilia ya uani imebaki na kasoro moja. Nusu yake ya kaskazini haikutoa kitu, wakati nusu ya kusini imejaa. Juni na Julai jua la Ujiji hupita upande wa kaskazini, na upande huo kuna mwembe wa jirani unaotupa kivuli juu yake kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Desemba, jua likiwa limehamia kusini, kivuli hicho hakipo, lakini Desemba ni mwezi wa mvua na miiba. Tawi linaloleta kivuli ni moja tu. Mama amekwisha kulizungumza na jirani mara mbili, na jirani anasema embe za tawi hilo ndizo tamu kuliko zote.