Mfupa wa Kutengenezwa na Uamuzi wa Seli za Kinga

Kijana aliyegongwa akiwa juu ya bodaboda mara nyingi hufikishwa hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa amevunjika muundi na mfupa umetoboa ngozi. Daktari akishaosha kidonda na kuondoa vipande vilivyokufa, hubaki pengo. Pengo dogo hujazwa kwa mfupa wa mgonjwa mwenyewe, uliochotwa nyongani. Likiwa kubwa, au mgonjwa akiwa mtoto ambaye nyonga yake haina mfupa wa kutosha kuchotwa, ndipo huzungumziwa mfupa wa kutengenezwa: punje au vipande vya kalsiamu fosfeti, madini ya jamii ileile inayoupa mfupa ugumu wake.

Watu huuliza kwanza kama kitu hicho ni kigumu vya kutosha. Swali zito zaidi ni namna seli za kinga za mgonjwa zitakavyokipokea. Kalsiamu fosfeti yenyewe haizalishi mfupa. Ni jukwaa la miti wanalopandia waashi: ukuta hujengwa na waashi, nalo jukwaa huondolewa kazi ikiisha. Seli za kinga ndizo zinazoamua kama waashi wataitwa, na jukwaa litavunjwa lini.

Uamuzi huo ulichelewa kutambuliwa. Mwaka 1892 daktari Mjerumani Dreesmann aliripoti kujaza mapengo ya mifupa kwa plasta ya jasi. Mwaka 1969 mtafiti Larry Hench wa Florida alitengeneza kioo kinachoshikamana na mfupa. Kwa muda mrefu shabaha ya wahandisi wengi ilikuwa kupata kitu ambacho mwili ungekivumilia bila kelele. Ni mwaka 2000 ndipo elimu ya uhusiano wa kinga na mifupa ilipopewa jina lake rasmi, baada ya kuonekana kwamba seli T, aina mojawapo ya seli za kinga, hutoa ishara iitwayo RANKL, inayoamsha osteoklasti, yaani seli zinazomeng'enya mfupa. Osteoklasti nazo ni za ukoo mmoja na makrofaji, seli za kinga zinazomeza vijidudu na mabaki. Kinga na mfupa, kumbe, hushirikiana tangu ndani ya uboho.

Tufuate kazi yenyewe siku kwa siku. Mfupa ukivunjika, damu huganda penye pengo. Ndani ya saa chache nutrofili, aina nyingine ya seli za kinga, hufika na kushambulia vijidudu. Katika siku chache zinazofuata makrofaji huingia, zikiwa kwanza katika hali ya ukali: huongeza uvimbe, husafisha mabaki na kuziita seli changa zitakazogeuka kuwa wajenzi. Baadaye nyingi huhamia hali ya utulivu, zikatoa ishara za kuotesha mishipa ya damu na kutandaza tishu mpya. Panya walioondolewa makrofaji katika majaribio walishindwa kuunga mfupa ipasavyo. Kwa hiyo uvimbe wa mwanzo ni sehemu ya uponaji. Madhara huja usipokoma. Ukali ukiendelea, osteoklasti huzidi wajenzi. Makrofaji zikishindwa kukimeng'enya kipandikizi, huungana kuwa seli kubwa na kukizungushia kovu, na mfupa hauingii.

Hapo ndipo mhandisi anapoweza kuingilia. Matundu ya kipandikizi yakiwa madogo mno, mishipa ya damu haipiti. Wengi hulenga upana wa mikromita 100 hadi 400. Aina za kalsiamu fosfeti nazo hutofautiana: haidroksiapataiti iliyochomwa kwa joto kali hukaa mwilini kwa miaka, ilhali trikalsiamu fosfeti ya aina ya beta humeng'enywa taratibu na kuupisha mfupa halisi. Ukwaruzo wa uso wa kipandikizi na madini yanayochanganywa ndani yake, kama magnesiamu au zinki, hubadili mwenendo wa makrofaji. Mwaka 2015 kundi la mtafiti Kara Spiller huko Philadelphia lilijaribu kuzipangia makrofaji zamu: kipandikizi kitoe kwanza ishara ya ukali, kisha ya utulivu. Ishara hizo mbili ziliingiliana kuliko ilivyokusudiwa. Tukajifunza kwamba kuijua ishara ni jambo moja, na kuitoa kwa saa yake ni jambo jingine.

Hata hivyo, daktari mmoja Mfaransa alikwisha kuitumia kinga hiyo kabla nadharia haijakamilika. Tangu miaka ya 1980 Alain-Charles Masquelet alikuwa akijaza pengo kwa saruji ya mfupa, kitu kigeni kabisa. Mwili hujibu kwa kuizungushia utando. Baada ya wiki kadhaa daktari huupasua utando huo kwa uangalifu, hutoa saruji, kisha hujaza mfupa uliosagwa ndani yake. Mwaka 2000 yeye na wenzake walieleza wagonjwa 35 wenye mapengo ya sentimita 5 hadi 24. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba utando huo una mishipa mingi ya damu na hutoa ishara za kuotesha mfupa. Jibu lilelile la kinga linaloogopwa kwenye vipandikizi vingine ndilo linaloleta faida hapa. Tena saruji ni rahisi kuipata kuliko vipandikizi vya bei kubwa, jambo lenye uzito kwa hospitali ya umma.

Lakini kinga ya nani? Ushahidi mwingi umetoka kwa panya waliofugwa katika vizimba visivyo na vijidudu. Mwaka 2013 watafiti wa hospitali ya Charité, Berlin, walipima damu ya watu waliovunjika muundi. Waliochelewa kupona walikuwa na wingi wa seli T za aina ya CD8 zilizokwisha kukomazwa na maambukizi ya zamani. Panya walipopunguziwa seli za CD8, mfupa uliunga vizuri zaidi. Walipoongezewa, uliunga vibaya.

Matokeo hayo yanatuhusu moja kwa moja. Mkazi wa Kampala mara nyingi amepitia malaria, huenda na minyoo au kichocho cha Ziwa Victoria, na virusi ambavyo wengi hapa huvipata tangu utotoni. Wengine wanaishi na VVU. Nchini Malawi, mwaka 2002, daktari William Harrison na wenzake waliripoti kwamba wagonjwa wenye VVU waliowekewa vyuma bila kidonda kuchafuka hawakuambukizwa zaidi ya wengine, ila kidonda kilipokuwa kimechafuka kabla ya upasuaji tofauti ilikuwa kubwa. Entebbe nako, taasisi ya utafiti wa virusi ya UVRI ilifuatilia kuanzia mwaka 2003 wajawazito 2,507 waliopewa dawa za minyoo au vidonge visivyo na dawa. Dawa hizo hazikuboresha kwa ujumla majibu ya chanjo kwa watoto wao. Athari ya minyoo kwa kinga, basi, haikisiwi mezani, hupimwa.

Kampala ina uwezo wa kuipima. Mashine za kuhesabu seli za CD4 na CD8, pamoja na wataalamu wake, zimekuwapo hapa kwa miongo ya mapambano dhidi ya VVU, katika Chuo Kikuu cha Makerere, kituo cha utafiti cha JCRC na UVRI. Damu iliyoganda penye pengo, ambayo hutupwa wakati wa upasuaji, inaweza kuhifadhiwa kwa ridhaa ya mgonjwa, ikalinganishwa na picha za eksirei za miezi inayofuata. Kwa njia hiyo tutajua ni nani atakayefaidika na kipandikizi cha kutengenezwa, nani asubiri maambukizi yaishe, na nani anahitaji utando wa Masquelet kwanza. Kununua vipandikizi vilivyosanifiwa kwa kinga ya watu wengine, bila kuichunguza kinga ya wagonjwa wetu, ni kutumia fedha za umma kwa kubahatisha, na mgonjwa ndiye anayelipa kwa upasuaji wa pili na wa tatu.