Kuku wa Jana na Saa Sita za Kwanza

Jioni ya Mei 6, 2010, wagonjwa na wafanyakazi wa hospitali moja ya magonjwa ya akili jimboni Louisiana, Marekani, walikula kuku. Siku iliyofuata, wagonjwa 42 na wafanyakazi 12 walishikwa na kutapika, kuharisha na msokoto wa tumbo. Wagonjwa watatu walifariki, wote wakiwa wanatumia dawa zinazopunguza mwendo wa utumbo, hivyo huenda sumu haikutoka mwilini kwa haraka kama kwa wenzao.

Wachunguzi walibaini kwamba kuku yule alipikwa takriban saa 24 kabla ya kuliwa, na hakupozwa kama mwongozo wa hospitali hiyo ulivyotaka. Kati ya sampuli 23 za vinyesi, 20 zilikutwa na sumu ya bakteria aitwaye Clostridium perfringens.

Kuku aliyeiva vizuri aliwezaje kuua?

Bakteria huyu hujihami kwa kutengeneza spora, mbegu ngumu zinazostahimili hata maji yanayochemka. Moto huua bakteria washindani na kufukuza hewa ya oksijeni ndani ya nyama, kisha spora zinabaki peke yake mahali zinapopapenda. Nyama ikipoa na kushuka chini ya nyuzi 50 hivi za Selsiasi, zinachipua. Kwenye nyuzi 43 hadi 45 bakteria wanaweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 10. Wakianza 100 tu katika gramu moja, kwa mwendo huo wanapita milioni 1 ndani ya dakika 140. Mlaji akiwameza kwa wingi huo, hutoa sumu yao tumboni mwake.

Kwa hiyo saa za hatari zaidi kwa kiporo ni zile za mwanzo, kabla hakijapata ubaridi. Kanuni za chakula za Marekani zinataka kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike nyuzi 5 ndani ya saa 4 nyingine. Hatua ya kwanza imepewa muda mfupi kwa sababu ndiyo inayopita kwenye joto ambalo bakteria huzaliana kwa kasi.

Friji peke yake haiwezi kazi hiyo. Joto husafiri polepole ndani ya nyama: unene ukiongezeka mara mbili, muda wa kupoa huongezeka karibu mara nne. Sufuria lililojaa, likiingizwa kwenye friji na mfuniko wake, huwa baridi pembeni huku katikati kukiwa bado na uvuguvugu kwa saa nyingi. Dawa yake ni kuchambua nyama kwenye mifupa, kuigawa katika vyombo vya kina kisichozidi sentimita 5, na kuviacha vipitiwe na hewa bila kuvibebanisha. Mchuzi upozwe kwa kuweka sufuria ndani ya beseni la maji ya barafu na kuukoroga. Hakuna haja ya kusubiri chakula kipoe kabisa mezani. Vyombo vidogo vinaweza kuingia frijini vikiwa bado na joto.

Chakula kisikae nje zaidi ya saa 2, au saa 1 joto la hewa likizidi nyuzi 32, hali ya kawaida mchana wa Februari Dar es Salaam na Mombasa.

Frijini, kwenye nyuzi 4 au chini yake, kuku aliyepikwa aliwe ndani ya siku 3 hadi 4, maana bakteria wa Listeria huendelea kukua hata kwenye ubaridi huo. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hutunza ubaridi kwa takriban saa 4.

Kupasha moto hadi nyuzi 74 katikati ya nyama huua perfringens waliochipua. Hata hivyo, sumu ya Staphylococcus aureus, bakteria anayetoka mara nyingi kwenye mikono ya mpishi, haiondoki kwa kuchemshwa. Kuku aliyelala mezani usiku kucha atupwe.

Shule, hospitali na wapishi wa harusi wanaopika siku moja kabla wanahitaji kipimajoto cha chakula na daftari: joto lipimwe katikati ya nyama baada ya saa 2 na tena baada ya saa 6, liandikwe, na mwenye zamu atie saini.