Ufundi wa Kupunguza Naitreti kwenye Tangi la Samaki

Naitreti haionekani wala hainuki. Maji ya tangi yanaweza kung'aa kana kwamba yametekwa chemchemini, huku mwani ukizidi kutambaa kwenye kioo, samaki wakipoteza hamu ya kula na makinda yakidumaa. Kuipunguza ni kazi ya hesabu na subira kuliko vifaa, na fundi wake hodari haonekani akifanya jambo lolote kubwa.

Chanzo ni chakula. Mabaki yake na kinyesi cha samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye sifongo la chujio huigeuza kuwa naitraiti, na wengine, wakiwamo wa jenasi ya Nitrospira, huikamilisha kuwa naitreti. Hizo mbili za mwanzo huua upesi. Ya tatu huumiza polepole, nayo haina pa kwenda: katika tangi la kawaida lenye hewa tele, hujilimbikiza tu.

Makole, jijini Dodoma, kuna la ziada. Maji ya bomba kwa sehemu kubwa hutoka visima virefu vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora, na naitreti katika maji ya ardhini ya Dodoma imekwisha kuchunguzwa. Utafiti wa Hudson Nkotagu wa mwaka 1996 uliihusisha na majitaka. Kwa hiyo fundi hupima maji ya bomba kabla ya kupima ya tangi. Tuseme tangi lina miligramu 80 kwa lita na bomba lina 20. Nusu ya maji ikibadilishwa, kiwango hushuka hadi 50. Mara ya pili 35. Ya tatu 27.5. Hata yabadilishwe mwaka mzima, hakitashuka chini ya 20. Kuchemsha ndiko kubaya zaidi, maana maji hupungua na naitreti hubaki. Kiangazi cha Dodoma hufanya vivyo hivyo bila moto: upepo hukausha tangi, mfugaji hujazia, na kila ndoo huja na mzigo wake.

Njia ya kutoka hapo ni mvua. Kati ya Desemba na Aprili maji ya paa la bati hukingwa, baada ya mvua za kwanza kuachwa zioshe vumbi. Lakini maji hayo ni laini mno kwa samaki wa Ziwa Tanganyika, kama Tropheus, waliozoea maji magumu yenye pH inayokaribia 9. Huchanganywa na ya kisima, na hapo ugumu wa maji ya Dodoma, unaolaumiwa kwa sufuria zenye magamba, huwa faida.

Marando ya matembele yakining'inizwa mizizi ikiwa majini hufyonza naitreti mchana kutwa; ni msaada wa bei ya chini kuliko dawa yoyote ya dukani. Sifongo huoshwa kwa maji ya tangi lenyewe, kwani klorini ya bomba huua bakteria. Chakula hupunguzwa. Tangi lililozoea kiwango cha juu halishushwi kwa siku moja: sehemu ya tano ya maji kila baada ya siku chache inatosha, la sivyo samaki hupata mshtuko.

Maji yanayotolewa humwagwa kwenye tuta la mchicha, ambako naitreti ni mbolea, isipokuwa yale yaliyotiwa chumvi ya kutibu samaki, ambayo huunguza mimea.