Nyuzi 56 Mpaka Kwenye Kiini

Oktoba ikikaribia, maghala ya vyama vya msingi Masasi na Newala hufagiliwa, na chaga hupangwa sakafuni kusubiri korosho. Huko Lupaso, kijiji ambacho Watanzania wengi wanakijua kwa sababu Rais Benjamin Mkapa alizaliwa hapo mwaka 1938 na akazikwa hapo Julai 2020, hakuna anayezitazama chaga hizo mara mbili. Kazi ya chaga ni kubeba magunia yasiguse saruji yakavuta unyevu. Mbao kadhaa juu, chache chini, vipande vinene katikati, misumari. Ikivunjika inaishia jikoni.

Mimi napenda kuzigeuza. Chaga iliyokwisha kuvuka mipaka huwa na alama ubavuni, imechomwa kwa chuma cha moto au imepigwa rangi: picha ya suke ndani ya kisanduku, herufi mbili za nchi, namba ya mtengenezaji, halafu H na T. Iliyoundwa kwetu kwa safari ya nje huandikwa TZ. Hizo herufi za mwisho ni ushahidi wa kazi iliyofanyika ndani ya tanuru: mbao zimepashwa joto mpaka kiini cha kila ubao kikafika nyuzi 56 za Selsiasi, na joto hilo likakaa humo dakika 30 mfululizo.

Sababu ya kuhangaika hivyo mkulima wa nyanda za Makonde anaijua hata kama hajawahi kusikia habari za tanuru. Anamjua dumuzi. Mdudu huyo kwao ni Amerika ya Kati. Aliingia nchini kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, akasambaa Afrika Mashariki yote akigeuza mahindi na makopa ya muhogo kuwa unga ghalani. Ukoo wake ni wa watoboa mbao, na meno anayomalizia makopa ni meno ya kutobolea mti. Hakuja kwa mabawa yake kuvuka bahari. Alibebwa na shehena.

Wenzetu wa mbali nao walibebewa wa kwao. Mwaka 1996 huko Brooklyn, New York, miti ya barabarani ilikutwa imetobolewa na bungua mwenye pembe ndefu kutoka Asia, aliyesafiri ndani ya mbao za kufungashia mizigo. Mwaka 1999 Ureno iligundua katika misonobari yake mnyoo asiyeonekana kwa macho, ambaye kwao ni Amerika ya Kaskazini na ambaye tayari alikuwa amekausha misonobari ya Japani. Miti mikubwa ilikatwa na kuchomwa kwa sababu ya kipande cha mbao ambacho hakuna aliyekijali. Mwaka 2002 nchi zilizo chini ya Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea, ambao makao yake yako FAO mjini Roma, zikakubaliana juu ya kiwango namba 15, ambacho leo kinataka mbao za kufungashia zinazovuka mpaka ziondolewe magome, zitibiwe, zipigwe alama.

Kanuni yenyewe unaweza kuikariri ukiwa umesimama kituoni ukisubiri basi la Mtwara. Kuitimiza ndiko kunakohitaji fundi.

Ugumu uko kwenye hicho kiini. Kupasha hewa ya chumba ifike nyuzi 70 ni kazi ya kuni na feni. Ubao, hata hivyo, haupitishi joto haraka. Kama muhogo wa kuchoma uliotolewa mapema, nje unaweza kuwa umeiva na ndani ukawa mbichi kabisa, na ndani ndiko anakolala mdudu. Kwa hiyo fundi wa tanuru hapimi hewa akaridhika. Anatafuta kipande kinene kuliko vyote katika shehena, kwa kawaida kile kitofali cha mbao kinachotenganisha sakafu mbili za chaga. Anakitoboa kwa keekee mpaka katikati, mbali na ncha kwa kuwa nchani joto huingia upesi, kisha anaingiza sindano ya kipimajoto na kuziba tundu vizuri. Asipoziba, hewa ya moto itapenyeza pembeni ya sindano na kumdanganya. Sindano huwa zaidi ya moja, ili moja ikiharibika nyingine iseme ukweli.

Halafu anakiweka kipande hicho mahali penye baridi kuliko pote. Kila tanuru lina kona yake ya baridi: nyuma ya mlango usiobana sawasawa, au chini kule ambako upepo wa feni unafika umechoka. Kona hiyo haisomwi kwenye kitabu cha mashine. Inajulikana kwa kuweka vipimo huku na huku, kupasha, kulinganisha, na kurudia tena baada ya mlango kutengenezwa au feni kubadilishwa. Fundi anayelijua tanuru lake atakuonyesha kona hiyo kwa kidole bila kuwaza.

Upangaji nao una adabu yake. Chaga zikibanwa sana, hewa inapita pembeni na katikati kunabaki kama kivulini. Zikiachwa ovyo, moto mwingi unapotea bure. Mbao zikiingia kabla ya kugongomewa, kati ya safu na safu hulazwa vijiti vya unene mmoja, vimenyooka juu kwa chini, ili upepo upite sawasawa. Ubao mbichi una maji, na maji yakianza kuwa mvuke yanachukua joto la ubao na kuondoka nalo. Ndiyo maana fundi mzoefu hafungui matundu ya hewa mapema. Anaacha unyevu ukae chumbani kwanza, joto lipenye, ndipo aruhusu mbao zikauke.

Saa haihesabiwi tangu mlango unapofungwa. Inaanza pale sindano iliyo nyuma ya zote inapogusa 56. Ikishuka chini ya hapo katika dakika ya 28, umeme umekatika au moto umelala, hesabu inaanza upya. Neno «mfululizo» limewekwa makusudi. Mtu anayekaa usiku mbele ya namba zinazopanda kidogo kidogo, akikataa kuandika dakika 30 wakati anazo 28, namheshimu kuliko mwenye mashine ya bei mbaya. Hakuna mnunuzi Ulaya atakayejua tofauti kwa macho. Ubao wa dakika 28 na wa dakika 30 unafanana.

Ziko njia nyingine. Gesi ya methili bromidi inaua wadudu, ila inaharibu tabaka la ozoni, na binafsi sioni la kusifia katika kuifungia gesi chini ya turubai. Mawimbi kama ya oveni ya maikrowevu yanaruhusiwa pia: nyuzi 60 kwa dakika moja.

Jambo moja linawapotosha wengi: HT si cheti cha ukavu. Ubao unaweza kutimiza dakika zake ukatoka na maji tele, ukaota koga ndani ya kontena. Fundi mwenye kuipenda kazi yake huendelea kukausha hata baada ya sheria kuridhika.

Na kuna ukarabati. Chaga iliyovunjika ubao mmoja au miwili inaweza kuponywa, mradi kiraka nacho kiwe cha ubao uliotibiwa na kuwekwa alama yake. Vipande vilivyobadilishwa vikizidi kama theluthi moja, hiyo imekuwa chaga mpya: alama za zamani zifutwe kabisa, iingie tanurini tena, ipigwe alama upya. Muhuri wenyewe mtu hajichongei tu. Hutumika kwa idhini na ukaguzi wa taasisi ya taifa ya afya ya mimea, ambayo kwetu ni TPHPA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020.

Mchonga vinyago wa Kimakonde anaielewa lugha hii haraka. Akikata mpingo, tezo lake linaondoa kwanza ule weupe wa nje ambao bungua wanaupenda, mpaka afike kwenye weusi mgumu ambao mdudu hauwezi kirahisi. Kinyago chake hakihusiki na kiwango namba 15, kwa kuwa hicho ni bidhaa. Kasha la kukisafirishia ndilo linalohusika, hata likiwa limepigiliwa haraka kwa mbao za paini zilizobaki. Makombo ya randa ya kujazia ndani yamesamehewa, pamoja na mbao zenye unene usiozidi milimita 6, na plaiwudi.

Korosho nazo zina fungu lao. Ghafi inaweza kupangwa gunia juu ya gunia ndani ya kontena. Iliyobanguliwa huingia kwenye makatoni, na makatoni mara nyingi yanataka chaga. Kila anayetaka kuona korosho ya Masasi na Newala ikibanguliwa hukohuko, nami nikiwemo, inabidi aulize chaga zenye HT zitatoka wapi. Moto haukosekani: maganda ya korosho yana mafuta na huwaka kwa ukali, ingawa moshi wake unataka bomba refu na boila nzuri. Tanuru dogo kando ya kiwanda cha kubangua lingekula taka ya jirani yake. Chama cha ushirika chenye nia kingeweza kuanza na mafundi seremala wachache, feni, na sindano za kuaminika.

Nawe unayepeleka kasha la vinyago Hamburg, likague kabla halijafungwa. Alama iwe pande mbili zinazotazamana, isomeke, isiwe imechorwa kwa mkono, na isiwe ya rangi nyekundu wala ya machungwa. Ikikosekana, nchi inayopokea ina haki ya kulifukizia, kulichoma moto au kulirudisha lilikotoka, na gharama utalipa wewe.