Kalori chache kuliko nini? Kasoro katika lugha ya matangazo ya vinywaji vya michezo

WAHENGA walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi hata chema hujitembeza, tena kwa miguu ya kukodi. Aghalabu miguu hiyo ni ya wanariadha.

Majuzi mwanafunzi wangu wa tafsiri aliniletea lebo ya kinywaji cha michezo. Alitaka kujua lipi sahihi: 'kalori kidogo' au 'kalori chache'? Nilimjibu kwamba kalori huhesabika, kwa hivyo aandike 'chache'. Kisha nami nikamuuliza: chache kuliko nini? Akanyamaza.

Kimya hicho ndicho kiini cha makala haya. Neno 'chache' halina maana kamili bila kitu cha kulinganishwa nacho. Kinywaji cha G2 cha Gatorade, kwa mfano, kiliuzwa kwa dai kwamba kina nusu ya kalori za Gatorade ya kawaida. Sawa kabisa. Lakini maji yana kalori ngapi? Sufuri. Tangazo hulinganisha bidhaa na ndugu yake mnene, likamficha mpinzani wake wa kweli.

Kuna wakati mpinzani huyo alitajwa, na yaliyofuata yanajulikana. Mnamo 2012, Gatorade ilitoa mchezo wa simu uliomwonyesha Usain Bolt akitimka mbio. Akigusa Gatorade, anaongeza kasi. Akigusa maji, anapunguza! Mwaka wa 2017 kampuni hiyo ilikubali kulipa dola 300,000 ili kumaliza malalamiko ya Mkuu wa Sheria wa jimbo la California kuhusu mchezo huo.

Mwanafalsafa H. Paul Grice alieleza mwaka wa 1975 kwamba wazungumzaji hutarajiana kusema yanayohusiana na mada. Tukiona picha ya bingwa kwenye chupa, tunajiuliza: huyu anahusianaje na kinywaji hiki? Jibu tunalijaza wenyewe: basi ndicho kinachompa kasi. Hakuna aliyetamka hivyo, na kwa hivyo hakuna wa kuulizwa. Bingwa ametabasamu tu, bwana!

Hebu basi tutazame mabingwa wenyewe hunywa nini. Eliud Kipchoge alipokimbia marathon kwa saa 1:59:40 jijini Vienna mwaka wa 2019, alitumia vinywaji vya kampuni ya Maurten ya Uswidi. Kinywaji kimoja cha kampuni hiyo kinaitwa Drink Mix 320, kwa kuwa nusu lita yake ina kalori 320. Kinajivunia wingi wa kalori hadi kwenye jina! Sababu ni wazi: anayekimbia kilomita 42 anahitaji nguvu, na kalori ni kipimo cha nguvu.

Hapa ndipo kirai 'kinywaji cha michezo chenye kalori chache' kinapojikanganya. Kihusishi 'cha' kina mizigo mingi. Je, ni kinywaji kinachowafaa wanamichezo, kinachonywewa michezoni, au kinachouzwa kwa sura za wanamichezo? Mkimbiaji wa masafa marefu hatafuti uchache wa kalori akiwa mbioni. Anayeutafuta ni mimi na wewe, tunaotembea nusu saa kisha tukaketi ofisini kutwa. Tunauziwa kinywaji chetu kwa jasho la mtu mwenye mahitaji tofauti kabisa.

Sisemi wanariadha wasitie sahihi mikataba. Maisha ya uwanjani ni mafupi, na mtu hula ujana wake. Wala sisemi kinywaji hicho ni sumu. Anayeacha soda yenye sukari tele akachukua hicho huenda amepiga hatua. Lakini nchi inayoabudu riadha kama yetu ni rahisi kurubuniwa kwa sura ya mkimbiaji. Mtoto wa shule aliyecheza kandanda kwa dakika 20 humwomba mzazi pesa za chupa ya rangi, ilhali mfereji uko pale pale.

Ninachodai kutoka kwa waandishi wa matangazo, na watafsiri wanaowasaidia, ni sarufi iliyokamilika. Ukiandika 'chache', andika pia 'kuliko'. Na baada ya 'kuliko', uwe na ujasiri wa kutaja maji.