Kioo au Karatasi? Uhakiki wa Michoro ya Kishikwambi ya David Hockney

Katika uhakiki wa fasihi tumezoea kutenganisha fani na maudhui, kisha kuonyesha jinsi vinavyotegemeana. Makala haya yanatumia kipimo hicho nje ya fasihi, kwenye michoro ambayo David Hockney, mchoraji Mwingereza, aliichora kwa kishikwambi mwaka 2011 kuhusu kuwasili kwa majira ya kuchipua huko Woldgate, Yorkshire Mashariki. Michoro 51, pamoja na picha moja kubwa ya rangi za mafuta iliyochorwa juu ya turubai 32, ilionyeshwa Royal Academy, London, mwaka 2012. Swali letu ni moja: je, chombo kimeisaidia kazi hii au kimeidhuru?

Wapo watakaolipuuza swali hili kwa methali: mchagua jembe si mkulima. Methali ina ukweli wake, lakini hapa haitoshi. Mkulima akiacha jembe la mkono na kushika plau, mistari ya shamba hubadilika, na mhakiki hana budi kuitazama mistari hiyo.

Tuanze na ubora. Mchoraji wa rangi za mafuta anayetaka kuchora alfajiri ana tatizo: gizani haoni rangi zake, na akiwasha taa, alfajiri imemtoroka. Kioo cha kishikwambi hutoa nuru chenyewe. Hockney alikuwa ameligundua hilo hata kabla ya iPad kuingia sokoni mwaka 2010, alipokuwa akichora mapambazuko kwenye simu yake akiwa kitandani. Tena rangi ya kioo haisubiri kukauka. Tabaka moja hufuata jingine papo hapo. Faida hizi zinaoana na maudhui. Mfululizo wa Woldgate unahusu kuwasili, na kinachowasili hakimngojei mtu: dimbwi la Januari hukauka, matawi matupu huvaa majani, na wingu moja hubadilisha rangi ya barabara nzima. Ndiyo maana kila mchoro una tarehe yake. Ukiitazama kwa kufuatana, unauona msimu ukitembea. Hapo fani na maudhui vimeshikana mikono.

Udhaifu wa kwanza uko kwenye mstari. Vibao vya kuchorea kama vile vya kampuni ya Wacom ya Japani, vinavyotumiwa na wachoraji wa katuni na wachongaji wa sanamu za kidijitali, huhisi mgandamizo wa kalamu: ukikandamiza, mstari hunenepa, ukilegeza, hukonda. Kioo cha iPad ya wakati ule hakikuhisi mgandamizo. Unene wa mstari ulitokana na kuchagua katika programu, si uzito wa mkono. Matokeo yake yanaonekana: kingo ni laini mno, nukta zinalingana, na baadhi ya nyasi za kando ya barabara zinafanana kama alama za mhuri mmoja.

Udhaifu wa pili, ambao naona ni mkubwa zaidi, ni uchapishaji. Kazi iliyozaliwa kwenye kioo cha sentimita 25 hivi kutoka pembe hadi pembe ilichapishwa kwenye karatasi zenye urefu wa zaidi ya mita moja. Nuru iliyokuwa sababu ya kukichagua chombo hiki ilizimwa. Karatasi haing'ai kutoka ndani. Na kwa kuwa rangi hii haina unene wala mikwaruzo ya brashi, mtazamaji anayesogea karibu hapati kitu cha kufidia nuru aliyonyimwa.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunalijua tatizo hili kwa jina jingine. Ngano iliyosimuliwa ikiandikwa kitabuni, maneno hubaki lakini sauti, ishara za mikono na vicheko vya hadhira hutoweka. Hatusemi kwamba kuandika ni kosa. Tunasema kwamba anayehakiki maandishi akumbuke alichokosa. Vivyo hivyo, anayehakiki karatasi za Royal Academy anahakiki nakala, si tukio lenyewe.

Mtu anaweza kupinga kwamba michoro ilikusudiwa kutazamwa kwa mbali, ikiwa imejaza ukuta. Hoja hii ina uzito, na kwa mfululizo mzima naikubali: kwa mbali kasoro za mstari hufifia na mwendo wa msimu hutawala. Lakini mchoro mmoja mmoja ukitengwa na wenzake, hoja hiyo haiuokoi.

Mwaka 2020, akiwa Normandy, Ufaransa, Hockney alirudia mada hiyo kwa kishikwambi, safari hii akitumia programu iliyorekebishwa kulingana na mahitaji yake. Alama ni nyingi na tofauti zaidi, lakini michoro 116 ilipoonyeshwa London mwaka 2021, ilikuwa tena imechapishwa. Mstari ulitibiwa, nuru haikurudishwa.

Kwa kuhitimisha, chombo kiliisaidia kazi hii, na maonyesho yakaipunguzia. Hili lina maana kwetu tulio mbali na kumbi hizo. Mwanafunzi wa Kampala au Kigali anayeitazama michoro hii kwenye kioo cha simu huwa na haya, akidhani ameambulia makombo. Kwa ukubwa, ndiyo. Kwa nuru, yeye yuko karibu zaidi na kile alichokiona mchoraji kuliko yule aliyelipa kiingilio.